Sekunde Tisa na Mpunga wa Kuya

Juni 14
Mkunga wa zahanati amenipa daftari hili. Niandike kila siku mwanangu Ining amenyonya mara ngapi, amelala vipi, choo kikoje. "Na jambo lolote lisilo la kawaida, Jonalyn, liandike." Nikamwuliza, lolote? Akasema lolote. Basi.

Amenyonya mara nane. Choo cha manjano, kizuri. Mvua imeanza jana mchana na haijakata.

Jambo lisilo la kawaida: mume wangu na kaka yake hawasemezani, leo siku ya ishirini.

Juni 15
Mara saba. Mvua.

Juni 17
Mara nane. Nyumba yetu na ya Kuya Nestor, huyo kaka mkubwa wa mume wangu, zinatazamana, katikati kuna pampu ya maji na jiko la Nanay Consing, mama yao. Wote tunakula mezani kwa Nanay. Leo mchana ilikuwa hivi:

"Nanay, mwambie mtu huyo anisogezee chumvi," mume wangu Wilmer akasema.

"Mtu huyo ana masikio," Nanay akajibu.

"Nanay, mwambie mume wa Jonalyn chumvi iko karibu naye," Kuya Nestor naye akasema, anaangalia dari.

Nanay akachukua chumvi, akaiweka mapajani mwake, tukala samaki mkavu hivyo hivyo.

Yote haya ni kwa sababu ya mpira wa kikapu. Ilikuwa fainali ya ligi ya kijiji, mwezi wa tano. Tumepitwa pointi moja, zimebaki sekunde sita, mpira anao Wilmer. Akakata kushoto, akaruka, akafunga. Uwanja mzima ukalipuka. Halafu filimbi. Refa anazungusha mikono: umetembea na mpira, kikapu hakihesabiwi. Refa mwenyewe ni Kuya Nestor. Wilmer akamwambia mbele ya watu wote kwamba kuanzia leo yeye hana kaka.

Tangu siku hiyo ananionyesha zile hatua. Amezionyesha na sufuria, na papai, na mara moja na Ining mwenyewe. "Moja. Mbili. Hapa naruka. Ya tatu iko wapi? Jonalyn, wewe umeiona ya tatu?"

"Sijaiona."

"Haya!"

Ukweli ni kwamba dakika ile nilikuwa nimewapa mgongo, namnyonyesha mtoto.

Juni 18
Mara nane. Nilisahau kuandika habari ya mashine. Shangazi yao aliyefanya kazi Hong Kong aliwaletea mashine ya michezo ya kwenye tivii, ya kijivu, walipokuwa wadogo, na kaseti moja tu, ya mpira wa kikapu. Wameicheza miaka kumi na minane. Mashine inakaa kwetu kwa sababu tivii iko kwetu. Kesho yake baada ya ile fainali Kuya Nestor aliingia bila hodi, akachomoa kaseti, akatoka. Sasa sisi tuna mashine isiyo na mchezo, na yeye ana mchezo usio na mashine.

Juni 26
Mara nane. Leo tumepandikiza mpunga. Ndugu hawa wameachiwa shamba moja na baba yao, nusu kwa nusu, na tuta katikati. Kuya Nestor ameweka kaseti kwenye mfuko wa shati, ndani ya plastiki ya barafu, kwa kumwogopa Wilmer asije akaiiba. Kila akiinama anashika kifua kama mgonjwa wa moyo.

"Ungeoa," Nanay akamwambia toka kwenye tuta, "ungekuwa na kitu cha maana cha kukumbatia."

Wilmer akacheka, halafu akakumbuka kwamba hapaswi kucheka, akakohoa.

Julai 3
Mara tisa. Siku ya tatu mvua haijapumzika hata kupiga mwayo. Wilmer amewasha mashine bila kaseti, amekaa mbele ya tivii iliyo kijivu tupu.

"Unaangalia nini?"

"Nakumbuka tu."

Nikaona hapo ndipo pa kusema. Nikamwambia Ining atabatizwa Jumapili ya Oktoba 12, sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, na baba wa ubatizo ni Kuya Nestor, kama tulivyopanga. Akazima tivii. "Nitamwomba mwenye mashine ya kukoboa."

Mwenye mashine ya kukoboa! Mtu mwenye watoto wa ubatizo arobaini na mmoja, akikutana nao barabarani anawaita wote "wewe."

Naandika hapa nisije nikasahau. Mei 2, uchungu uliponishika, Wilmer alikuwa mjini kununua mbolea. Kuya Nestor alinipakia kwenye trela la pawatila, akalala chini yangu magunia yote aliyokuwa nayo, akaniendesha mpaka zahanati kwenye barabara yenye mashimo kama kichujio. Njia nzima aliimba ili nisiogope. Anaimba vibaya sana. Nilimwahidi hapo hapo, huku nimeshika sikio lake kwa maumivu, kwamba huyu mtoto ni wako wa ubatizo. Nikivunja ahadi ile, sijui nitamwambia nini Ining akikua.

Julai 4
Nimesoma ya jana. "Akalala chini yangu magunia" si sawa. Alitandika magunia. Mkunga anisamehe.

Julai 12
Mara nane. Nimekwenda kwa Kuya Nestor na uji wa mchele wenye tangawizi. Alikuwa anatengeneza reki ya mpunga.

"Kuya, njoo uzungumze na mdogo wako."

"Aje yeye. Aliyetukana ni yeye."

"Anasema aliyeanza ni wewe."

"Nilipuliza filimbi. Kazi ya refa ni nini, kupuliza puto?"

Nikamsogezea uji. Ila nikaona jicho lake linakwenda dirishani, kwenye nyumba yetu, kwenye tivii. Nikamwambia, "Basi niazime mimi kaseti. Si Wilmer. Mimi."

"Wewe unajua kucheza?"

"Nitajifunza."

Akafikiri mpaka uji ukapoa. Sharti lake: acheze Jonalyn tu, mume wa Jonalyn asiguse. Nikarudi nyumbani. Sharti la Wilmer: achezee Jonalyn hapa, mtu yule asikanyage sakafu yangu. Nikawaambia wote sawa, sawa.

Julai 13
Mara saba. Nimegundua kitu. Ile kaseti haisomi mpaka ipulizwe mara tatu, na anayejua namna ya kuipuliza ni Kuya Nestor. Na ikishapulizwa haikai sawa mpaka ibanwe na boksi la viberiti lililokunjwa, na anayejua pembe ya kulikunja ni Wilmer. Basi Kuya Nestor amesimama nje dirishani na mwavuli, amepuliza, akanipa mimi, nikampa Wilmer, Wilmer akabana. Watu wawili wazima, mimi daraja.

Tivii ikaimba. Nilimwona Wilmer akitabasamu. Nikageuka, na dirishani kulikuwa na tabasamu lile lile, meno yale yale.

Halafu nikacheza. Mashine imenifunga 88 kwa 4. Nne kati ya zile 88 nilizifunga mimi, kwenye kikapu changu mwenyewe.

Julai 14
Mara nane. 79 kwa 10.

Julai 20
Mara nane. Hivi ndivyo ninavyofundishwa:

"Jonalyn, pasi! Mpe yule wa kulia!"

Dirishani: "Jonalyn, mwambie mwalimu wako wa kulia amezibwa, hata kipofu anaona."

"Jonalyn, mwambie mtu wa mwavuli anazuia hewa."

"Nyamazeni wote wawili!" nikapiga kelele, nikarusha tu, mpira ukaingia. Wakashangilia pamoja, halafu wakaona aibu, kila mtu akaangalia upande wake.

Wachezaji ni wadogo kama punje na wanafanana, isipokuwa mmoja ana upara. Namwita Kipara. Nampenda. Hachoki, hanuni, ukimwambia nenda anakwenda.

Agosti 2
Amenyonya mara nane, na kidude cha vitufe cha mashine, kile cha Wilmer, mara moja. Kile kitufe cha kusimamisha mchezo kimeingia mate, hakifanyi kazi tena, na kile cha kidude cha pili kilikufa kabla sijaolewa. Sasa mchezo ukianza umeanza. Mtoto mzima, hana homa.

Agosti 9
Mara tisa. NIMESHINDA. 51 kwa 50. Kipara karusha toka mbali kengele inalia. Nimeruka mpaka Nanay amekuja na mwiko akidhani ni nyoka.

Agosti 10
Mara nane. Nimeunguza wali. Nilikuwa nawaza namna ya kumzuia yule mrefu wa timu nyekundu.

Agosti 19
Mara nane. Dhoruba imepita kaskazini, kwetu ni upepo na migomba miwili iliyoanguka. Kuya Nestor alipuliza kaseti, akatuachia, akaenda kuzibua mfereji. Nimecheza mimi, Wilmer anaangalia, tuko peke yetu.

Nilikuwa naongoza. Nikakimbia na Kipara, mashine ikapuliza filimbi: umetembea na mpira. Nikasimama nikaigombeza tivii. "Wapi! Moja, mbili! Ya tatu iko wapi?"

Wilmer alikuwa amempakata Ining. Akamfuta mate kidevuni. Halafu akasema, chini chini, kama anamwambia mtoto, "Nilitembea."

"Nini?"

"Ile fainali. Nilitembea. Hatua mbili na nusu. Labda tatu."

"Wilmer! Na papai lote lile!"

"Angeweza kuangalia pembeni. Ni kaka yangu. Ni sekunde sita tu, angejifanya ana mbu jichoni." Akaniapisha nisimwambie mtu. Nimeapa. Daftari si mtu.

Miezi mitatu nimemwona Kuya Nestor kama mkaidi na mume wangu kama aliyeonewa. Leo nimelala namtazama Wilmer, nacheka, namwonea huruma, nataka kumpiga na mto.

Agosti 20
Mara saba. Nimempelekea Kuya Nestor ndizi za kuchemsha, kwa heshima. Refa wa kweli.

Agosti 31
Mara nane. Mvua. 70 kwa 66, nimeshinda.

Septemba 11
Mara nane. Mpunga unainama. Kuya Nestor amekuja dirishani wakati Wilmer yuko shamba. Hakupuliza kaseti. Ameishika tu.

"Jonalyn, nikikwambia jambo utanyamaza?"

Nikajua. Nikasema moyoni, Mungu wangu, hapana, nimeshajaa. Lakini mdomo ukasema, "Sema, Kuya."

"Sikuona."

"Hukuona nini?"

"Miguu yake. Nilikuwa naangalia mpira. Nimemfundisha mimi kukata kushoto vile, tangu ana miaka saba. Nilikuwa nautazama mpira nasema ingia, ingia. Nikasikia watu wa upande ule wanapiga kelele 'katembea!' Nikashtuka. Nikapuliza."

"Kwa hiyo hujui kama alitembea?"

"Sijui! Labda nimemwonea. Ndugu yangu mwenyewe." Macho yakamjaa maji, akasema ni mvua. Mvua ilikuwa imekata tangu asubuhi.

Basi hapa nilipo: mwenye kosa anajua amekosa na amenuna. Mwenye haki hajui kama ana haki na amenuna. Mimi ninajua yote na nimeapa mara mbili. Nikifungua mdomo kwa mmoja namvunjia mwingine. Mkunga aliposema niandike jambo lisilo la kawaida sidhani alifikiria hili.

Septemba 12
Sikuhesabu. Mara nyingi.

Septemba 28
Mara nane. Padri anataka jina la baba wa ubatizo kabla ya Alhamisi ya Oktoba 9. Wilmer amevaa shati la kola kwenda kwa mwenye mashine ya kukoboa, akarudi. Hakumkuta, anasema. Shati halikuwa na tope hata tone. Nadhani amefika kwenye daraja akakaa.

Oktoba 1
Mara tisa. Kuvuna. Mgongo.

Oktoba 5
Mara nane. Nimekwenda kwa Nanay, nimelia kwenye vitunguu vyake. Sikusema siri. Nimesema tu siku zimekwisha.

Mchana Nanay amewaita wote wawili mezani na kuweka mwiko katikati. "Nimewazaa kwa shida, nimewalisha kwa shida, sasa mnanichosha masikio. Jumatano mtacheza ile mashine yenu. Nyinyi kwa nyinyi. Atakayefungwa atabeba sahani ya keki ya mchele, atagonga mlango wa mwenzake, na atasema neno kwanza. Umeelewa, Nestor?"

"Nimeelewa, Nanay."

"Wilmer?"

"Mwambie mtu huyo ajiandae kubeba sahani."

"Nitakupiga na huu mwiko na ubaba wako huo."

Oktoba 8
Mkunga, leo ni ndefu.

Amenyonya mara nane. Asubuhi jua kali. Uwanja wa kikapu wa kijiji, ambao msimu wa mavuno ndipo tunapoanika mpunga, leo ilikuwa zamu ya Kuya Nestor. Aliutandaza mpunga wake wote, toka goli mpaka goli, mavuno yake ya msimu mzima, akauvuta na reki mara mbili. Kesho ni zamu yetu. Saa nane akaja kwenye mlango wetu, si dirishani. Akavua ndala. Wilmer akaangalia pembeni, Kuya Nestor akakanyaga sakafu yetu mara ya kwanza tangu mwezi wa tano.

Akapuliza mara tatu. Akampa Wilmer mkononi, moja kwa moja. Mimi daraja nilikuwa nimeshika tu hewa.

Wilmer timu ya bluu, Kuya Nestor nyekundu. Nanay alikuwa jikoni anapika hiyo keki bila kujua ya nani. Nimekaa katikati yao na Ining mapajani. Sijawahi kuona watu wanacheza vile. Mimi nilidhani najua. Hawa walikuwa wanajuana kila pumzi. Wilmer anakata kushoto, Kuya Nestor yuko pale kabla hajafika. Kuya Nestor anarusha toka pembeni, mkono wa Wilmer umeshatangulia. Na wanatukanana kupitia kwangu.

"Jonalyn, mwambie mtu huyo anacheza kama bibi harusi."

"Jonalyn, mwambie mume wako Kipara wake anachoka."

"Kipara hachoki!" nikasema mimi, kwa hasira yangu binafsi.

Robo ya nne. 61 kwa 61. Sekunde tisa, mpira anao Wilmer. Na hapo nikasikia juu ya bati: to. To to. To to to to.

Mvua.

Hakuna aliyesogea. Nilimwona Kuya Nestor amesikia, maana sikio lake lilitikisika. Mpunga wake wote uko nje wazi, ukilowa unachipua, ni wa kuwapa bata. Lakini akiweka chini kile kidude ameshindwa, na kwa kiburi chao, nakuapia, angeuacha mpunga uote majani.

"Mpunga!" nikasema. Hakuna.

Wilmer akaangalia tivii. Akaangalia bati. Halafu akanitupia kidude chake mapajani, karibu kimpige Ining, akasimama.

"Kuya! Mpunga wako!"

Alimwambia yeye. Si mimi, si Nanay. Akatoka mbio bila ndala. Kuya Nestor akabaki mdomo wazi sekunde moja nzima, akanitupia na chake, akamfuata. Nikawasikia wakipiga kelele kwenye mvua, "Shika turubai! Upande ule! Kuya, reki, reki!" na Nanay anakimbia nyuma na karai.

Nikabaki na mtoto, vidude viwili, na sekunde tisa. Kitufe cha kusimamisha, unakumbuka, kilikunywa mate mwezi wa nane. Zikaisha. Sare. Mashine ikaanza dakika za nyongeza yenyewe. Nikacheza, kidude kimoja mkono huu, kingine mkono huu. Halafu tivii ikalia kengele ya mwisho, na radi ikapiga, na umeme ukakatika kijiji kizima.

Walirudi wamelowa kama nyavu. Punje za mpunga kwenye nywele, kwenye nyusi. Wanacheka, wameshikana mabega. Mpunga wote uko chini ya turubai, isipokuwa karai moja lililokwenda na maji. Wakaona tivii nyeusi, wakaacha kucheka.

"Nani ameshinda?" wakasema pamoja.

"Ining alipiga kitufe," nikasema. "Mpira ukaingia."

"Kitufe cha nani?" Wilmer akauliza.

"Sikuona."

"Hukuona vipi? Ulikuwa umekaa hapo hapo!"

"Niligeuka kumfuta mate. Nilisikia kelele tu."

Wilmer akainua mikono. "Refa gani huyu? Anasikia kelele!"

Kuya Nestor hakucheka. Maji yalikuwa yanamdondoka kidevuni. Akaniangalia, nikaangalia chini. Halafu akasema, "Wilmer. Hata mimi sikuona."

"Mchezo? Ulikuwa nje na mimi."

"Fainali. Sikuona miguu yako. Nilisikia kelele nikapuliza. Nimekuonea. Nisamehe, mdogo wangu."

Hapo ningemwelewa Wilmer angenyamaza. Alikuwa amepewa kila kitu, na keki juu. Akakaa chini kwenye benchi na matope yake.

"Kuya, nilitembea."

"Hukutembea."

"Nilitembea. Hatua tatu."

"Usinifariji. Nimekufundisha tangu ukiwa na miaka saba, wewe hutembei."

"Nakwambia nilitembea! Miguu ni yangu!"

"Na filimbi ilikuwa yangu, na nasema hukutembea!"

Wakaanza kugombana upya. Kuya Nestor akachukua sufuria, akaonyesha: moja, mbili, hapa unaruka. Wilmer akamnyang'anya sufuria: moja, mbili, na hii hapa, hii ni nini? Nanay akaingia na sahani ya keki, akawatazama, akaniuliza nani amefungwa. Nikamwambia wote. Akakata keki katikati, akawapa kila mtu nusu abebe. Wakatoka mvuani, kila mmoja na nusu yake, kwenda kugonga mlango wa mwenzake. Wakakutana kwenye pampu, wakaila hapo hapo.

Oktoba 9
Mara nane. Wilmer amekwenda kwa padri na jina. Mpunga wetu tunauanika leo. Kuya Nestor anavuta reki upande mmoja, Wilmer upande mwingine.

Oktoba 12
Mara saba, kwa sababu ya wageni. Hakulia maji yalipomgusa, alimshika padri kidole. Kuya Nestor alimbeba kama mpira mpya. Kumi na nne walikula, tambi zimetosha. Wakati wa tambi wakaanza tena, alitembea, hakutembea, na padri akaombwa aamue. Padri akaomba sufuria.

Kaseti iko kwenye mashine. Haitolewi tena.

Mkunga, kesho ni zamu yako kusoma daftari, na ulisema niandike kila kitu, basi naandika na hili, uniwekee siri. Oktoba 8, kengele ilipolia, Ining hakugusa kitufe chochote. Alikuwa amelala, amejaa maziwa. Aliyerusha ni mimi. Sekunde ya mwisho, toka katikati ya uwanja, na niliona vizuri sana kidude ni cha nani.

Uzito: kilo sita na nusu.